Hesabu dakika za lala salama

Walimu wa hisabati hawatoshi na mtihani wa taifa hausubiri mtu. Katika shule za Handeni na Korogwe wanafunzi wamejifanya walimu wa wenzao, na wengi wao huanza wakati muda umeshayoyoma.

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Chungwa lililetwa liliwe, lakini kwanza linakatwa kwa ajili ya hesabu. Msichana wa kidato cha nne analipitishia kisu katikati, anawaonyesha wenzake duara kubwa lililojitokeza. Kisha anakata tena, safari hii karibu na kikonyo. Duara la pili ni dogo. Waliokaa nyuma wamepanda juu ya viti ili waone.

Ni jioni ya mwezi wa kumi, katika shule ya kata kando ya barabara ya lami itokayo Korogwe kwenda Handeni. Mwalimu wa somo ameshaondoka. Mawingu ya vuli yametanda upande wa Usambara, na darasani wamebaki wanafunzi kumi na kadhaa, ubao, vipande vya chaki na kijitabu cha majedwali kilichotoka jalada.

Swali lililoko ubaoni linasema hivi: Tanga iko nyuzi 5 Kusini na nyuzi 39 Mashariki, Tabora iko nyuzi 5 Kusini na nyuzi 33 Mashariki. Tafuta umbali kati ya miji hiyo miwili kwa kufuata mstari wa latitudo.

Kijana mmoja amepata kilomita 667. Aliokaa nao dawati moja wamepata hizo hizo. Wamechukua tofauti ya nyuzi 6, wakaigawa kwa 360, wakazidisha kwa mzingo wa dunia, yaani mara mbili ya 3.14 mara 6,370. Kuzidisha kwao hakuna dosari. Tatizo ni kwamba wamesafiri juu ya ikweta, na Tanga haiko kwenye ikweta. Duara linalopita Tanga na Tabora ni lile la pili la chungwa, dogo kuliko la katikati, na udogo wake hupimwa kwa kosaini ya nyuzi 5, ambayo majedwali yanasema ni 0.9962. Jibu ni kilomita 664.

Kwa dereva wa basi la Tabora, kilomita tatu si kitu. Kwa msahihishaji wa mtihani ni alama zilizokwenda.

Kijana anafuta, anaandika upya. Halafu anaambiwa asimame yeye aeleze kwa nini 667 si sahihi, na vipande vya chungwa anakabidhiwa. Anababaika kidogo, anarudi nyuma, anaanza tena. Mara ya pili anaeleza vizuri kuliko aliyemfundisha.

Wanafunzi wenyewe huita kazi hii diskasheni. Anayesimama ubaoni anapiga pindi, na anayesifika kwa kupiga pindi hufuatwa hata na wanafunzi wa shule jirani. Ukipita Manundu, Mombo, Sindeni au Chanika wiki chache kabla ya mtihani, utawakuta: chini ya mwembe, kwenye veranda ya msikiti, katika chumba cha Sunday school, kwenye mwanga wa taa ya duka baada ya saa mbili usiku.

Mmoja kati ya wanne

Hisabati ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Ndilo pia linaloangusha wengi. Tangu 2017 hadi 2022, waliofaulu somo hilo katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa wakizungukia mmoja kati ya watano. Mwaka 2023 wakapanda hadi robo hivi, na 2024 wakabaki hapo hapo.

Matokeo ya 2024, ambayo Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza Januari 2025, yalionyesha kuwa asilimia 92.37 ya watahiniwa wamefaulu mtihani kwa ujumla wake. Takwimu hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Katika kila wanafunzi wanne waliotoka na furaha ya kufaulu, watatu hivi waliacha hisabati nyuma yao ikiwa na F.

Na kufaulu kwenyewe si mlima mrefu. D huanzia alama 30 katika 100. Kwa muundo wa mtihani wa miaka ya karibuni, mtahiniwa hupewa saa tatu na maswali 14, yote ya lazima: 10 ya sehemu A, kila moja alama 6, na 4 ya sehemu B, kila moja alama 10. Kikokotoo hakiruhusiwi. Majedwali na karatasi za grafu ruksa.

Diskasheni za dakika za lala salama zimejengwa juu ya hesabu hiyo. Maswali matano ya sehemu A yakijibiwa bila kosa ni alama 30. Matatu ya sehemu B ni 30 vilevile. Basi kikundi hukaa chini na kuchagua mada za kujiokoa: seti, takwimu, uwezekano, akaunti, matrisi, na lile swali refu la kuchora mistari kwenye grafu ili kupata faida kubwa kabisa au gharama ndogo kabisa. Pepa za miaka iliyopita hutolewa kivuli kwenye maduka ya steshenari, zinagawanywa, kila mmoja anapewa mada yake ya kwenda kuipigia msuli na kurudi kufundisha.

> Maswali matano ya sehemu A ni alama 30. Juu ya hesabu hiyo ndogo, maelfu ya wanafunzi hujenga matumaini yao ya Novemba.

Mpango huo una akili. Mwanafunzi aliyekuwa akipata alama 8 kwenye mtihani wa moko hana muda wa kurudia silabasi ya miaka minne, na kumwambia ajifunze yote ni kumwambia asijifunze chochote. Lakini una hatari pia. Anayeitafuta 30 tu, akikosea hatua mbili, anaangukia 26, na 26 ni F.

Shule zilitangulia, walimu wakafuata polepole

Ili kuelewa kwa nini mtoto wa miaka 17 ndiye mwalimu wa jioni, inabidi kurudi nyuma hadi 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES. Wakati huo nchi ilikuwa na shule za sekondari zipatazo 1,300. Kufikia 2009 zilikuwa zimepita 4,000. Wananchi walichangia mawe, mchanga na nguvu zao. Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, alisukuma kila kata iwe na sekondari yake. Watoto wa vijiji vya ndani vya Handeni, ambao zamani kwenda sekondari kulimaanisha kuchaguliwa kwenda mbali na nyumbani, wakapata shule ya kuendea kwa miguu.

Hilo lilikuwa jambo kubwa, na sitaki kulipunguza. Ila darasa hujengwa kwa msimu mmoja, mwalimu wa hisabati huchukua miaka. Anatakiwa kwanza awe yeye mwenyewe amefaulu hisabati, na kama waliofaulu ni mmoja kati ya watano, chimbuko la kumpata ni dogo tangu mwanzo. Uhaba wa leo unazaa uhaba wa kesho.

Gharama yake ilionekana Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka na watahiniwa zaidi ya 240,000 wakawa wamepata ziro. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na kiwango cha kufaulu kikapanda hadi asilimia 43. Wazazi wa leo wanazikumbuka siku zile. Wanapouliza leo kwa nini mtoto anachelewa kurudi jioni, wanajua wanachokiogopa.

Mwaka 2016 ada ikaondolewa kwa shule za serikali hadi kidato cha nne. Madarasa yakajaa zaidi. Mwalimu mmoja wa hisabati akiwa na mikondo ya kidato cha kwanza hadi cha nne, daftari za kusahihisha zinamshinda hata akiwa na moyo wa chuma. Anafundisha mada, anatoa mfano, anaandika zoezi, kengele inalia. Aliyeelewa ameelewa.

Kuna pia ukuta mwingine, wa lugha. Mtoto wa Kizigua au Kisambaa husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na hesabu zilizoandikwa kwa Kiingereza. Kuzidisha anakujua. Swali lenyewe ndilo hajui linamtaka afanye nini. Ukiketi kwenye diskasheni utaona kazi ya kwanza ya kikundi, kabla ya kalamu kugusa karatasi, ni kulisimulia swali kwa Kiswahili: mkulima ana ekari kadhaa, mahindi yanataka mbolea kiasi hiki, maharage kiasi kile, fedha aliyonayo ni hii. Likishasimuliwa, nusu ya kundi tayari inaona njia. Taarifa ambazo Baraza la Mitihani huzitoa kila mwaka kuchambua majibu ya watahiniwa zimekuwa zikitaja jambo hilo hilo, kwamba wengi hushindwa kwa kutoelewa swali linataka nini.

Mtoto aliyechekwa kwa hesabu zake

Ukanda huu una historia yake kuhusu mwanafunzi na swali. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, wilaya jirani ya Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda upesi kuliko yaliyopoa. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa.

Alipofika kidato cha tano Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Tangu hapo, kama Mpemba alivyosimulia baadaye, kila alipokosea kusoma logarithimu kwenye majedwali, mwalimu na darasa zima walisema: hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Mwanafizikia Denis Osborne, aliyefundisha chuo kikuu jijini Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa, Mpemba akauliza kwa mara nyingine, wenzake wakiona aibu kwa niaba yake. Osborne akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanafizikia duniani wanabishana kuhusu kitu kinachobeba jina la yule kijana.

Nimeileta habari hii kwa sababu ya kicheko. Mpemba alikuwa na ngozi ngumu. Wanafunzi wengi hawana. Mtoto anayechekwa kidato cha kwanza kwa kusema nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano, hanyooshi tena mkono hadi kidato cha nne. Amekaa miaka minne darasani na kosa lake, na hakuna aliyemtoa.

Kwenye diskasheni anauliza. Anauliza kwa sababu aliyesimama ubaoni naye jana alikuwa hajui, na pengine kesho atamhitaji kwenye baiolojia. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo siri ya vikundi hivi kuliko ujanja wote wa kuchagua mada.

> Kwenye diskasheni anauliza, kwa sababu aliyesimama ubaoni naye jana alikuwa hajui.

Wala si jambo geni pwani na bara ya Tanga. Aliyesoma chuo cha Kurani anakumbuka jinsi mwanafunzi mkubwa alivyokabidhiwa wadogo awasomeshe alifu na be huku maalimu akisikiliza wengine. Aliyekabidhiwa hakupoteza chochote. Kila alipomrekebisha mdogo, herufi zake mwenyewe zilikaa imara.

Walimu wana neno, wazazi wana neno

Si kila mtu anafurahia. Miongoni mwa walimu kuna wanaoviona vikundi hivi kama kiwanda cha kusambaza makosa. Hoja yao ina uzito, na mfano wao hupenda kuwa wa logarithimu. Mwanafunzi anayejiamini anasimama, anasema logi ya 2 jumlisha logi ya 5 ni logi ya 7, kundi zima linaandika. Ukweli ni kwamba jumla hiyo ni logi ya 10, ambayo ni 1 kamili. Logi ya 7 ni 0.8451. Kosa la mtu mmoja limekuwa la watu kumi na tano, na limeingia vichwani mwao likiwa na sauti ya rafiki wanayemwamini. Mwalimu wa kulifuta hayupo jioni ile.

Wengine hulalamikia kunakili. Kuna diskasheni ambayo mmoja anakokotoa na kumi wanahamisha. Wanatoka pale na daftari zilizojaa majibu sahihi na furaha ya kujiona wamesoma. Siku ya mtihani, kila mmoja akiwa peke yake na karatasi yake, daftari limebaki nje kwenye begi.

Tena iko tamaa ya jibu la mkato. Kikundi kinachokutana wiki ya mwisho ndicho kinachopigiwa simu na mtu anayedai kuwa na pepa lenyewe. Wengi wa watu hao ni matapeli, wanauza maswali ya kubuni. Lakini mwanafunzi anayekutwa na hatia ya udanganyifu hufutiwa matokeo yote, na miaka minne inakwenda na maji.

Wazazi nao wana yao. Handeni ni wilaya ya maji ya shida. Ndoo za jioni mara nyingi ni za binti, na saa ya diskasheni ndiyo saa ya ndoo. Mvulana anaruhusiwa kukaa hadi saa mbili usiku. Dada yake, wa darasa lile lile, anatakiwa nyumbani kabla ya magharibi, na mzazi anayemzuia hana ubaya: njia ni ndefu, ina pori, na mimba za wanafunzi si hadithi. Hivyo mtaala wa jioni, ambao haukuandikwa popote, unawapata wavulana zaidi. Nimeona vikundi vya wasichana vinavyokutana Jumamosi asubuhi kwa sababu hiyo, baada ya kufua na kabla ya kwenda kisimani. Saa mbili tu, lakini zao.

Shule nyingine huandaa kambi. Wanafunzi wa kidato cha nne hulala shuleni miezi au wiki za mwisho, wazazi wanachangia mahindi, maharage na kuni, walimu wanapeana zamu. Kambi huondoa tatizo la njia na la ndoo. Lakini tangu elimu bila malipo ianze, mchango wowote unahitaji kibali na maridhiano, na mzazi ambaye mvua zimemnyima mavuno anaona debe la mahindi kuwa ada iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Mtoto wake hubaki nje ya kambi. Huyo ndiye anayeihitaji diskasheni ya chini ya mwembe kuliko wote, maana twisheni ya kulipia haiwezi pia.

Waliojifungia na waliokaa pamoja

Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, Marekani, mwanahisabati kijana Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi waliofika chuoni wakiwa na alama nzuri walikuwa wakianguka kwenye kalkulasi, ilhali wenzao wenye asili ya China walifanya vizuri. Wakubwa zake walidhani ni umaskini, au kukosa bidii, au wazazi kutojali. Treisman akawafuata wanafunzi wenyewe mahali wanaposomea.

Wale waliokuwa wakianguka walikuwa na bidii. Walikuwa wakisoma kila mmoja peke yake, mlango umefungwa. Wenzao wenye asili ya China walifanya maswali kwanza kila mtu kivyake, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakaulizana, wakasahihishana, na waliposhindwa wote walijua kwamba swali ni gumu kwelikweli, si wao walio wajinga. Treisman akaanzisha vikundi vya namna hiyo kwa wanafunzi weusi, akawapa maswali magumu badala ya mepesi ya kuwaonea huruma, na matokeo yao yakapanda sana.

Hapo kuna jambo la kuchukuliwa moja kwa moja hadi Korogwe: kila mtu kivyake kwanza, halafu pamoja. Kundi ambalo kila mmoja amekuja na jaribio lake, hata kama ni bovu, halina nafasi ya kunakili. Linabishana. Na lile kosa la logarithimu hukutana na mtu aliyepata jibu tofauti.

Utafiti mwingine unagusa suala la muda. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi maandishi wayasome. Baadhi waliyarudia kuyasoma. Wengine walijipima kwa kuandika wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walioongoza, na kwa mbali.

Mwanafunzi anayesoma usiku wa kuamkia mtihani anakaa kwenye zile dakika tano. Anahisi anajua, na kwa usiku ule kweli anajua. Ndiyo maana dakika za lala salama zinaonekana kufanya kazi, na ndiyo maana kidato cha tano au chuo kinapomuuliza tena, hakuna kilichobaki.

Kinachopotea kila Novemba

Ada ya F ya hisabati hulipwa baadaye. Mwanafunzi anaweza kwenda kidato cha tano kwa masomo ya historia na lugha bila hisabati. Lakini tahasusi zenye uchumi au fizikia zinaweza kumfungia mlango, vyuo vya uhasibu vinamtazama mara mbili, na hata baadhi ya kozi za afya ambazo hazilazimishi hisabati huitaja kuwa sifa ya nyongeza, maana yake wawili wakilingana, mwenye D anatangulia. Kijana anayebaki nyumbani naye anahitaji hesabu. Dalali wa mahindi anayefika Handeni wakati wa mavuno anaijua asilimia yake vizuri.

Ninachokiona kibaya si kwamba wanafunzi wanafundishana. Wangefundishana zaidi. Kibaya ni kwamba shule zimeiacha kazi hii kuwa ya Oktoba, ya gizani, ya bahati. Kila Novemba wale waliojifunza kupiga pindi wanafanya mtihani na kuondoka. Wanaondoka na daftari zao, na ule ujuzi wa kueleza walioupata kwa jasho. Kidato cha tatu, ambao Januari watakuwa kidato cha nne, hawakuwahi kuitwa hata siku moja kukaa nyuma na kusikiliza. Oktoba inayofuata wanaanza sifuri.

Wakuu wa shule wanaosema hawana fedha wana haki kwa mambo mengi, lakini hili halidai fedha nyingi. Linadai kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki, mchana, kwenye ratiba, ili binti aweze kukihudhuria bila kugombana na baba yake wala na ndoo. Linadai vikundi vya watu watano au sita, kuanzia kidato cha kwanza, kwa sababu kosa la kujumlisha sehemu huwa bado changa wakati huo. Na linadai mwalimu yule yule mmoja wa hisabati apite kundi kwa kundi akisikiliza, bila kufundisha, akisimama pale tu anaposikia logi mbili zikijumlishwa kimakosa.

Taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu zipo na hazilipiwi. Mwalimu akichukua makosa matano yanayojirudia humo kila mwaka, akayaandika ubaoni kwa Kiswahili wiki ya kwanza ya Februari, vikundi vitakuwa na kazi ya muhula mzima. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alilalamika kwamba shule zilizorithiwa zinamfundisha mtoto kujitafutia mwenyewe na kumpita mwenzake. Wanafunzi wa shule hii kando ya barabara ya Handeni hawajasubiri waraka ili wafanye kinyume chake. Wanahitaji chumba, ratiba na sikio la mwalimu.

Maafisa elimu wa halmashauri za wilaya na miji za Korogwe na Handeni hukutana na wakuu wa shule mwanzoni mwa kila mwaka kupanga mikakati ya ufaulu. Mikakati hiyo huzungumzia kambi, moko na mitihani ya ujirani mwema. Kipindi cha wanafunzi kufundishana kinaweza kuingizwa kwenye ajenda hiyo Januari ijayo, na kidato cha kwanza watakaoripoti mwezi huo huo wakapangwa kwenye vikundi vyao kabla hawajafungua daftari la kwanza la hesabu.